Kibao na Karatasi: Kazi ya Bruce Onobrakpeya

Msomaji, ukipata ruhusa ya karani wa shule yako, utwae mhuri wa mpira ulio juu ya meza yake, uupindue, uutazame upande wa chini. Herufi zake zimegeuka. Jina la shule lasomwa kutoka kuume kwenda kushoto, na kila herufi imekupa mgongo. Lakini mhuri huo ukiguswa wino na kugandamizwa juu ya karatasi, maneno hutoka sawasawa kama yalivyokusudiwa. Huo ndio msingi wa sanaa ya chapa. Mchongaji wa chapa hukata kinyume ili picha yake isimame sawa. Huondoa pale asipotaka wino, huacha pale anapoutaka. Wala haoni hasa alichokifanya mpaka karatasi ibanduliwe. Mambo hayo matatu, yaani kugeuza, kuondoa na kungoja, huonekana madogo kwa mtu asiyepata kuyajaribu. Katika insha hii nataka kuonyesha jinsi yalivyoiumba kazi ya mtu mmoja, na jinsi kazi hiyo, mtu huyo alipoyaacha, ilivyopata kitu na kupoteza kitu.

Mtu mwenyewe ni Bruce Onobrakpeya wa Nigeria. Alizaliwa mwaka wa 1932 Agbarha-Otor, katika nchi ya Waurhobo, si mbali na delta ya mto Niger, naye ni mwana wa mchongaji. Katika ujana wake alikaa Benin City, mji uliopata sifa duniani kwa sanamu zake za shaba, na alikuwa amekwisha kuonja kazi ya ualimu kabla ya kwenda chuo cha Zaria, kaskazini mwa nchi hiyo, mwaka wa 1957. Toka mwaka wa 1963 hadi 1980 alifundisha sanaa katika St Gregory's College, shule ya sekondari ya Kikatoliki mjini Lagos. Katika miaka hiyo hiyo ya kushika chaki alitia picha katika vitabu vya watu wengine, akapiga chapa zake mwenyewe, akazionyesha kwao na ng'ambo. Kazi tatu, mtu mmoja, na mchana ni ule ule wa saa kumi na mbili.

Nazitaja pamoja kwa sababu. Watu wengi wapendao sanaa huzipanga kazi za mchoraji kama vyeo vya jeshi. Picha kubwa ya ukutani ndiyo jemadari. Picha ya kitabu ni askari wa kawaida, maana hufuata amri ya mwandishi. Na picha ifanywayo darasani haihesabiwi kabisa, kwa kuwa hiyo ni zoezi. Mpango huo umewadhuru vijana wasio wachache. Mwanafunzi apendaye kuchora huambiwa mapema kwamba ama awe msanii, ama afundishe, ama achore vitabu vya watoto apate chakula. Na akichagua hayo mawili ya mwisho, wenziwe humhurumia kama mtu aliyeshindwa safari akarudi nyumbani. Kazi ya Onobrakpeya ni hoja juu ya mpango huo. Hoja hiyo sikuitafuta katika maneno aliyoyasema mwenyewe, ingawa amesema mengi. Naitafuta katika karatasi.

Basi tuanze na vitabu. Wengi wetu katika Kenya tumemjua Chinua Achebe tukiwa shuleni. Riwaya yake ya pili, No Longer at Ease, ilitoka mara ya kwanza mwaka wa 1960, na baadaye ikafasiriwa kwa Kiswahili ikaitwa Hamkani si Shwari Tena; nayo imepata kuchapishwa ikiwa na picha za Onobrakpeya. Vivyo hivyo An African Night's Entertainment cha Cyprian Ekwensi, cha mwaka wa 1962, na The Forest of a Thousand Daemons cha mwaka wa 1968, ambacho ni tafsiri ya Wole Soyinka ya riwaya ya Kiyoruba ya D. O. Fagunwa. Tazama jinsi vitabu hivyo vitatu visivyofanana. Cha Achebe chamsimulia Obi Okonkwo, kijana aliyerudi kutoka Uingereza na elimu yake, akapewa kazi ya serikali Lagos, akaishia mahakamani kwa kosa la rushwa. Cha Ekwensi ni hadithi ya kisasi, yenye mwendo wa masimulizi ya usiku. Cha Fagunwa ni safari ya mwindaji katika msitu wa mapepo.

Mchoraji apewaye habari za Obi hana budi kuchora mambo yajulikanayo na kila mtu: mji, ofisi, motokaa, wanaume waliovaa suti. Lakini kiini cha habari hiyo ni rushwa, na rushwa haina umbo. Ukichora mkono mmoja ukitoa bahasha na mkono mwingine ukiipokea, umetengeneza tangazo la kubandikwa katika kituo cha polisi, hukutengeneza picha ya riwaya. Kwa Fagunwa taabu ni ya namna nyingine. Mwandishi huyo hupenda kukieleza kiumbe chake kiungo kwa kiungo, hata msomaji hana la kuongeza. Mchoraji akichora yote yaliyotajwa hakusaidia kitu, maana maneno yamekwisha kuyafanya hayo. Na akipunguza aonekana hakusoma vizuri. Hapa ndipo mtu aonapo kwamba amri ya mwandishi si amri ya kumpa mchoraji raha. Mwandishi humwambia habari, lakini hamwambii ni nukta gani ya habari isimame kimya mbele ya jicho. Uchaguzi huo ni wa mchoraji peke yake, na akikosea hakuna sentensi iwezayo kumwokoa.

Tena, vitabu vya bei nafuu vya miaka ile vilipigwa chapa kwa wino mweusi tu. Hapakuwa na rangi nyekundu ya kuonyesha hasira wala buluu ya kuonyesha usiku. Palikuwa na weusi wa wino na weupe wa karatasi, basi. Wako walioiona hali hiyo kuwa umaskini. Nami nasema kwamba ndiyo iliyomfikisha Onobrakpeya mahali alipostahili kufika, maana mtu aliyezoea kusema yote kwa weusi na weupe amekwisha kujiandaa kwa linoliamu.

Linoliamu si kitu cha fahari. Ilibuniwa Uingereza katika miaka ya 1860 na Frederick Walton ili kufunika sakafu za nyumba, nayo hufanywa kwa mafuta ya mbegu za kitani yaliyochanganywa na unga wa kizibo, yakatandazwa juu ya kitambaa cha gunia. Wasanii waliitwaa wakaona kwamba ni laini kuliko mti, haina nyuzi za kupinga patasi, tena ni rahisi. Hukatwa kwa vijembe vidogo vyenye ncha ya pembe au ya mviringo. Kisha wino mzito hupakwa juu kwa rola, karatasi hulazwa, na mgongo wake husuguliwa hata kwa kijiko cha mti, kama hapana mtambo. Ndiyo maana imeingia katika shule nyingi ambazo hazingeweza kununua kitu kingine. Lakini urahisi wa bei usikudanganye, msomaji. Katika penseli pana raba. Katika linoliamu hapana. Palipokatwa pamekatwa. Na kivuli laini, kile cha kupitisha kidole juu ya makaa, hakimo. Ukitaka kivuli, ukitengeneze kwa mistari au kwa nukta. Yaani ubadili ukungu kuwa nakshi.

Neno hilo la nakshi ndilo lifunguo la kazi ya Onobrakpeya, nami nataka kukaa nalo kidogo.

Wayoruba wana nguo waziitazo adire, zitiwazo rangi ya nili. Fundi wa kike hufunga sehemu za kitambaa kwa uzi, au huzichora kwa uji wa wanga, ili sehemu hizo zisinywe rangi. Kisha kitambaa huchovywa, na uzi au wanga ukiondolewa, nakshi huonekana nyeupe juu ya buluu iliyokolea. Ndugu zangu wa pwani, waliolelewa katikati ya kanga, hawana haja ya kufundishwa kwamba nguo yaweza kubeba maneno na fikira. Lakini angalia namna ya kufanyika kwa adire. Uzuri wake watoka mahali palipozuiwa rangi isiguse. Fundi hupanga kwanza kile ambacho hakitakuwako. Huyo na mchonga linoliamu ni ndugu wa fikira moja, hata kama hawakupata kuonana.

Sasa twaweza kufika kwenye kazi ambayo mimi naiona kuwa kilele chake. Katika miaka ya 1960 Onobrakpeya alichora Njia ya Msalaba katika kanisa la St Paul's, Ebute Metta, Lagos. Na mwaka wa 1969 akaichonga habari hiyo hiyo katika linoliamu, vituo kumi na vinne, tangu Pilato alipotoa hukumu hata Yesu alipozikwa. Habari yenyewe yajulikana kwa kila mtoto wa Kikristo, na kwa wengi wasio Wakristo. Wazungu wameichora kwa karne nyingi, na nakala za picha zao, zenye nyuso nyeupe na mawingu ya dhahabu, zimetundikwa katika makanisa yetu hata watu wakadhani kwamba Yerusalemu ilikuwa mtaa wa Roma. Onobrakpeya alizifanya nyuso kuwa za Kiafrika, akawavika watu wake mavazi yenye nakshi kama za nguo za Nigeria.

Kama angeishia hapo, nisingeandika insha. Kumvika mtu wa Biblia kanzu ya kwetu ni jambo jema, lakini lafanyika mchana mmoja, na wengi wamelifanya pasipo kuacha picha ya kukumbukwa. Nguvu ya vituo vile yatoka mahali pengine. Nakshi haikuwekwa kwa ajili ya mapambo. Kwa kuwa linoliamu haina kivuli, msanii alihitaji njia ya kumtenga mtu na mtu katika msongamano wa watu, na njia aliyoipata ni nguo. Huyu amejaa mistari, yule amejaa nukta, wa tatu amebaki mweusi. Ndivyo jicho lijuavyo mkono huu ni wa nani, na nani asukuma, na nani asukumwa. Nakshi imefanya kazi ya mwanga. Na kwa kuwa karibu kila inchi ya karatasi imejaa, mwenye msalaba hana pa kupumulia. Macho yetu pia hayana. Twasongwa pamoja naye. Michoro mingi ya Ulaya ya habari hii humpa Yesu nafasi ya anga nyuma yake, ili tumhurumie kwa mbali. Hapa hakuna mbali.

Kuna kituo kimoja ambacho hunivuta kila ninapofikiri habari ya chapa, nacho ni cha sita. Mapokeo yasema kwamba mwanamke aitwaye Veronika alimpangusa Yesu uso kwa kitambaa, na sura ya uso ikabaki katika kitambaa. Fikiri basi: uso umegusa nguo, damu na jasho vimekuwa wino, na nguo ilipobanduliwa palikuwa na picha. Ni hadithi ya chapa, iliyopigwa pasipo kibao wala rola. Sijui mchoraji wa rangi za mafuta huona nini akifika kituo hicho. Lakini mpiga chapa afikapo hapo asimulia kazi ya mikono yake mwenyewe.

Kumbuka, msomaji, kwamba mtu aliyechonga vituo hivyo alikuwa mwalimu wa shule katika mwaka ule. Huu ndio ule upande wa maisha yake ambao wahakiki huupita haraka, kana kwamba miaka kumi na saba ya darasani ilikuwa njia ya kulipa kodi ya nyumba. Mimi sitabuni hadithi za darasa ambalo sikuketi. Lakini mtu ye yote aliyefundisha chapa ajua ifanyavyo. Fundi akifanya kazi peke yake, mkono wake wajua mambo ambayo ulimi haujui. Akisimama mbele ya wavulana thelathini, hapana budi ayatafute maneno: kwa nini ukate kuelekea mbali na kidole chako, kwa nini wino ukizidi hujaza mistari myembamba, kwa nini jina lako lichongwe kinyume. Kisha kijana mmoja hukata mahali pasipotakiwa kukatwa. Mwalimu wa penseli humwambia afute. Mwalimu wa linoliamu hawezi. Humwambia afikiri kosa lile litakuwa nini sasa, dirisha au jani au kovu. Hayo si mafundisho ya mikono tu.

Wala mwalimu huyo hakujiona amemaliza kujifunza. Katika miaka ya 1960, akiwa tayari ana wanafunzi wake, alihudhuria warsha zilizoandaliwa na Ulli Beier, ambamo Ru van Rossem, mpiga chapa kutoka Uholanzi, alifundisha namna ya kupiga chapa kwa mabati na tindikali. Mwaka wa 1975 alikwenda Haystack, shule ya kazi za mikono katika jimbo la Maine, Marekani. Mwalimu arudiye dawatini hukumbuka jinsi inavyouma kutojua.

Chapa ya tindikali hufanywa hivi. Bati la zinki hupakwa nta; msanii hukwaruza nta kwa sindano mpaka bati lionekane; bati hutiwa katika tindikali, nayo hula pale tu palipokwaruzwa. Wino hujazwa katika mifereji hiyo, na karatasi iliyoloweshwa hugandamizwa juu yake kwa mtambo mzito. Mwaka wa 1967 Onobrakpeya alitumia tindikali isiyokuwa ya kazi hiyo, ile ya hidrokloriki, na bati likaharibika. Mtu mwingine angelitupa. Yeye baadaye aliziba palipoharibika kwa gundi ngumu, akalipiga chapa, akaona kwamba karatasi imeinuka na kubonyea, kama ngozi iliyochanjwa. Picha ilikuwa imepata mwili. Kutokana na ajali hiyo alizalisha namna yake mwenyewe ya chapa, akaiita plastografia, ambayo imemjulisha kwa watu kuliko kitu kingine cho chote. Wanaoisimulia ajali hiyo huisifu bahati. Mimi naona ni darasa. Mtu aliyekaa miaka katikati ya makosa ya vijana, akiyatafutia matumizi, hushindwa kulitupa kosa lake mwenyewe.

Karibu na wakati huo huo alianza jambo la pili. Vibao vya linoliamu vilivyokwisha kutumika vilimlimbikia, naye hakutaka vipotee. Akavibandika juu ya mbao, akavijaza na kuvipaka rangi mpaka vikang'aa kama shaba, na kuvitundika ukutani. Kile kilichokuwa chombo kikawa kazi yenyewe. Nani asiyeona mkono wa Benin hapo, mji wa mabamba ya shaba aliokaa ujanani? Watu walivipenda, na vyastahili kupendwa. Ukivitazama kwa mwanga wa upande, kila mkato una kivuli chake, na kile kivuli ambacho linoliamu ilikataa kumpa katika karatasi, amekipata bure.

Lakini hapa naachana na wale wasifuo yote pasipo kupepeta. Waswahili husema kipya kinyemi ingawa kidonda. Kibao kilipopakwa shaba, kilikoma kuzaa. Chapa ni kitu cha wengi: kibao kimoja hutoa karatasi ishirini, hamsini, sabini, ya kwanza huenda kwa tajiri, ya pili kwa mwalimu, ya tatu kwa shule, na zote ni za kweli. Hiyo ndiyo tofauti yake na picha ya rangi, ambayo mwenye kuinunua amewanyima wengine wote. Kibao kilichotundikwa ni kimoja tu. Chenye ukutani ni kizuri zaidi kwa mguso, tena hudumu kuliko karatasi katika nchi zetu za unyevu na mchwa. Lakini kimeingia katika vyeo vile vile vya jemadari na askari ambavyo kazi yake ya awali ilivipinga. Na kuna jambo la pili, la macho. Katika baadhi ya plastografia zake za baadaye, nakshi haina tena kazi ya mwanga, maana sasa kuna rangi na miinuko ya kuifanya kazi hiyo. Imebaki, imezidi, imejaza kila pembe, nami naona jicho likizunguka pasipo kupata pa kutua. Vituo vya mwaka wa 1969 vilisonga kwa sababu habari ilikuwa ya msongamano. Picha ya mti au ya ndege haina sababu hiyo.

Haidhuru nimlinganishe na mwingine ili nisionekane nadai kisichowezekana. John Muafangejo, aliyezaliwa Angola mwaka wa 1943 na kufa Namibia mwaka wa 1987, alijifunza linoliamu Rorke's Drift katika Afrika Kusini, chuo cha kazi za mikono cha Kanisa la Kilutheri, kisha naye akafundisha katika shule ya misheni kaskazini mwa Namibia. Linoliamu nyeusi na nyeupe ilikuwa nyumba yake. Aliandika maneno ya Kiingereza ndani ya picha zake, kila herufi ikichongwa kinyume kama ile ya mhuri wa karani, akisimulia vita, maaskofu, upweke wake na mambo ya nyumbani. Huyo alikaa katika umaskini wa linoliamu mpaka ukawa utajiri. Onobrakpeya ni mtu wa tabia nyingine: hawezi kuona mlango asiufungue. Baina ya mwaka wa 1978 na 1986 alibuni hata mwandiko wake wa ishara, uitwao Ibiebe, uliotokana na mila za Waurhobo, akautia katika kazi zake. Huyo wa kwanza ana kina. Wa pili ana upana. Ningelazimishwa kuchukua karatasi moja tu nyumbani, ningeichukua ya Muafangejo. Ningelazimishwa kumchagua mmoja awe mwalimu wa shule yangu, ningemchukua Onobrakpeya pasipo kusita, maana mwanafunzi huhitaji kuona milango.

Na milango hiyo hakuifunga alipoacha shule mwaka wa 1980. Alikuwa na karakana yake Mushin, katika Lagos, ambamo vijana walimsaidia kupiga chapa na kujifunza papo hapo. Na tangu mwaka wa 1998 amefungua warsha za kila mwaka Agbarha-Otor, kijiji alichozaliwa, ziitwazo Harmattan kwa jina la upepo mkavu wa kaskazini. Wasanii hutoka mijini kwenda kijijini kufanya kazi pamoja, wenye shahada kando ya wasio nayo. Kwa kawaida kijana mwenye kipawa huondoka kijijini asirudi; mzee huyu ameugeuza msafara, kinyume kinyume, kama herufi za kibao.

Limebaki neno la maonyesho. Alifanya onyesho lake la kwanza la peke yake mwaka wa 1959 Ughelli, mji mdogo ulio karibu na kwao, hali angali mwanafunzi wa Zaria. Mwaka wa 1990 alikuwa miongoni mwa wasanii watano wa Afrika ambao kazi zao zilionyeshwa katika maonyesho makubwa ya Venice, Italia. Na mwaka wa 2023 kazi zake za mambo ya Kikristo zilikusanywa katika High Museum, Atlanta, chini ya jina The Mask and the Cross, yaani kinyago na msalaba, kisha mwaka wa 2024 zikapelekwa Washington. Kutoka Ughelli hadi Washington ni mwendo mrefu, na hakuna atakayemwonea wivu. Lakini jumba la makumbusho lina desturi yake: huweka karatasi nyuma ya kioo, huimulika taa hafifu, na mtazamaji hunong'ona kama yumo kanisani. Mtazamaji huyo huenda asiinamishe kichwa kusoma tarakimu ndogo ambazo mpiga chapa huandika kwa penseli chini ya picha. Zikiwa 12 juu ya 75, maana yake ni kwamba hii ni ya kumi na mbili katika nakala sabini na tano, na kwamba dada zake wako mahali fulani, labda katika sebule ya mwalimu mstaafu, labda katika sanduku.

Ningekuwa mimi mwenye kupanga ukuta huo, ningekitanguliza kitabu cha Ekwensi, kile chenyewe chenye karatasi iliyogeuka manjano, kikiwa wazi katika ukurasa wenye picha. Kando yake ningeweka chapa ya kituo cha sita pasipo fremu nzito, na kando ya hiyo kibao cha linoliamu kilichong'arishwa kama shaba, ili watu wajue kinyume na wima vilivyo. Na vyote vitatu ningevitundika katika kimo cha macho ya mwanafunzi wa kidato cha kwanza.